Breki Si Mali ya Mwenye Gari

Sisi wenye magari ya zamani tuna sentensi moja tunayoipenda kuliko zote: "Gari hili liko vile vile lilivyotoka kiwandani." Tunaisema tukiwa tumeegemea boneti, ufunguo ukining'inia kidoleni, na anayetusikiliza hutikisa kichwa kwa heshima. Mimi mwenyewe niliisema kwa miaka mingi. Leo naomba ruhusa ya msomaji niipinge, kwa sababu ndani yake limo jambo moja la hatari ambalo hatupendi kulitaja. Jambo hilo ni breki.

Nianze na gari lenyewe. Ni Land Rover pikapu, Series III, ile ndefu ya inchi 109, ambayo marehemu baba aliinunua mwaka 1974 huko kwetu Lushoto. Gari hilo lilibeba kabichi, viazi na mapeasi kupeleka Mombo. Lilibeba maharusi, lilibeba wagonjwa usiku wa manane, na mwaka 1998 lilimbeba baba mwenyewe katika safari yake ya mwisho. Basi kwetu si chuma tu. Kaka yangu mkubwa akishika usukani wake hushika kama mtu aliyeshika mkono wa mzee. Mapenzi hayo nayaelewa kwa kuwa ninayo pia, na ndiyo maana ugomvi wetu juu ya breki umekuwa mgumu. Mtu akigombana na mgeni husema ya kwake akaenda zake. Ukigombana na kaka yako mnaendelea kula sahani moja.

Magurudumu yote manne ya gari hilo yalikuwa na breki za dramu. Kwa asiyejua, dramu ni kitu mfano wa sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake zimo breki shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga. Ukikanyaga pedeli, mafuta ya breki husukuma shuu zikatanuka na kusugua ukuta wa sufuria kwa ndani, gari likapunguza mwendo. Ni kazi ya akili, wala sitaidharau. Lakini kama kazi zote za kusugua, huzaa joto, na joto la dramu limefungiwa ndani ya sufuria.

Sasa tuitazame barabara ya kutoka Lushoto kwenda Mombo. Ina kilomita zipatazo 33, karibu zote za kona, na kutoka juu mpaka chini unashuka takribani mita 1,000. Gari letu likiwa tupu lina uzito wa tani 1.5 hivi, ukipakia nusu tani ya kabichi, unateremka na tani 2. Aliyesoma fizikia ya sekondari anaweza kupiga hesabu mwenyewe: tani 2 zikishuka mita 1,000, nguvu inayopaswa kumalizwa njiani ni sawa na joto la kuchemsha lita 60 za maji, yaani ndoo tatu kubwa. Sehemu ya mzigo huo huchukuliwa na injini, kama dereva ana busara ya kushuka kwa gia namba mbili. Kinachobaki kinaingia kwenye breki. Na dramu ikipata moto hutanuka, na ikitanuka inazikimbia shuu, kwa hiyo pedeli inashuka zaidi na zaidi kila ukikanyaga. Shuu nazo zikiungua hupoteza ukali wake. Hapo dereva anakanyaga kwa nguvu zote na gari halimsikii.

Nilijifunza haya siku moja ya Machi mwaka 2019, chini kidogo ya Soni. Nilikuwa na mzigo wa kabichi na viazi na kijana mmoja wa kunisaidia kupakua. Kulikuwa na basi nyuma yangu likipiga honi, nami kwa kuona haya nikaingiza gia namba tatu ili nisimcheleweshe. Kona ya kwanza pedeli ilikuwa juu. Kona ya tatu ilikuwa katikati. Nikapiga pampu, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Kisha ikaenda moja kwa moja mpaka sakafuni, laini kama mtu anayekanyaga matope.

Mbele yangu, ukingoni mwa barabara, alikuwa anatembea mama mmoja amejitwika mzigo wa kuni, mgongo wake umenielekea. Upande wa kushoto ni korongo, upande wa kulia ni ukuta wa mlima. Nililazimisha gia namba mbili, injini ikapiga kelele kama ng'ombe, nikavuta handibreki. Katika Land Rover hizo handibreki haishiki magurudumu. Inashika shafti nyuma ya gia boksi, na hiyo ndiyo iliyotuokoa, maana haikuwa na uhusiano wowote na mafuta ya breki yaliyokwisha kuchemka. Gari likaparuza ukuta wa mlima likasimama. Yule mama alikuwa ameruka pembeni, kuni zimetawanyika. Kati ya bampa na mahali alipokuwa amesimama, nilipima baadaye kwa mkono wangu, palikuwa hapatoshi urefu wa mkono.

Nilishuka nikamwomba radhi. Hakunitukana. Alinitazama, akalitazama gari, akauliza, "Baba, gari lako ni bovu?"

Nikamjibu, "Hapana mama, si bovu. Ni la zamani tu."

Akainama kuokota kuni zake, akasema, "Sasa mimi nitajuaje?"

Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini sijapata kusikia hoja iliyonishinda kwa maneno machache kiasi hicho. Kweli, yeye atajuaje? Mimi mwenye gari nilijua kwamba breki zangu ni za ramani ya zamani, nikajizoesha kukanyaga mapema, nikawa najisifia kwamba "gari hili lataka dereva anayelijua." Lakini yule mama hakupewa nafasi ya kulijua. Mtoto anayekimbilia mpira hakupewa. Mwendesha bodaboda aliyesimama ghafla mbele yangu hakupewa. Mapenzi yangu kwa gari la baba niliyalipia kwa fedha ya watu wengine, tena bila kuwauliza. Ndipo nilipoamua kwamba magurudumu ya mbele yatawekwa diski.

Kaka aliposikia alikasirika. Hoja zake nitazieleza kwa haki, maana ni hoja za wengi.

Hoja ya kwanza: "Mdogo wangu, kosa lilikuwa lako, si la dramu." Hapa ana ukweli, nami sitauficha. Niliteremka kwa gia isiyofaa. Tena mafuta ya breki yalikuwa hayajabadilishwa kwa miaka ambayo naona aibu kuitaja. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa: yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango chake kinakadiriwa kuwa nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hukubali kubanwa, ndiyo maana pedeli hulainika. Hata gari la diski likiachwa na mafuta machakavu litafika huko huko. Nakubali. Lakini nauliza: ni dereva gani asiyekosea hata siku moja? Breki nzuri ni ile inayomvumilia dereva mzuri katika siku yake mbaya. Tukisema kwamba dramu ni salama mradi dereva awe mkamilifu, tumesema kwamba si salama.

Hoja ya pili: "Dramu zilitufikisha kwa miaka 45." Zilitufikisha, ndiyo, lakini katika barabara gani? Baba alipolinunua gari hili, ungeweza kuteremka hadi Mombo ukakutana na magari ya kuhesabu kwa vidole, nayo mengi yalikuwa na breki kama zako. Mkiwa wote mnasimama polepole, mnaachiana nafasi ya kutosha. Leo aliye mbele yako ana diski, na mara nyingi ana mitambo inayozuia magurudumu kukamata na kuteleza. Yeye akiona mbuzi anasimama hapo hapo. Wewe uliye nyuma yake unasimama kwa sheria za zamani. Tusisahau pia kwamba mwendo ukiongezeka mara mbili, kazi ya breki inaongezeka mara nne. Anayekimbia kilomita 80 kwa saa amewapa breki zake mzigo mara nne ya yule wa 40. Barabara imebadilika, na gari ni sehemu ya barabara.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni ya uasilia: kwamba gari la urithi halitiwi mkono. Mwaka 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa tamasha, na kaka alitamani sana gari la baba lionekane kama lilivyokuwa siku ya kwanza. Mimi nauliza, siku ya kwanza ipi? Baba mwenyewe alibadilisha matairi, akabadilisha taa, akalipaka rangi mara mbili, akatengenezesha bodi la nyuma kwa mbao za mkuyati kwa sababu lile la bati lilitoboka. Baba alikuwa mtu wa kazi. Kitu kikishindwa kazi alikibadilisha. Tunaotaka kuhifadhi breki zake mbovu kwa jina lake tunamsingizia mzee.

Na kama ni heshima kwa kiwanda, hebu tukisikilize kiwanda. Diski si mtindo wa jana. Mwingereza Frederick Lanchester alisajili wazo hilo mwaka 1902. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yenye diski yalishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, na mwaka 1955 Citroën walitoa DS yenye diski mbele. Kwa pikapu, Chevrolet wa Marekani waliweka diski mbele katika pikapu zao ndogo zote kuanzia toleo la 1971. Land Rover wenyewe, walipoleta One Ten mwaka 1983 kushika nafasi ya gari kama letu, waliiwekea diski mbele. Kwa hiyo waliotengeneza gari la baba ndio walioamua kwamba dramu za mbele zimefika mwisho. Sisi tunaong'ang'ania tumekuwa Waland Rover kuliko Land Rover.

Hapo nimemaliza na kaka. Lakini naomba nieleweke: sijaandika ili kuwafurahisha wale wa upande wa pili, wanaoweka diski kama mtu anayenunua miwani ya jua. Hao wananiudhi zaidi, maana kaka angalau anajua kwamba breki zake ni dhaifu. Wao wana breki mbovu na wanaamini ni nzuri. Nami nilikuwa mmoja wao kwa muda wa wiki tatu.

Nilipeleka gari kwenye gereji moja mjini. Wakafungua dramu za mbele, wakafunga habu mpya zenye diski na kalipa zake, wakaacha kila kitu kingine kama kilivyokuwa. Masta silinda ile ile, mabomba yale yale, bila busta. Kazi ya siku moja. Diski zinang'aa nyuma ya rimu, watu wanachungulia na kusifu. Nilipotoka getini nikakanyaga, na pedeli ilikuwa ngumu kama jiwe, gari linaendelea kwenda. Baada ya kilomita chache nikasikia harufu ya kuungua: breki zilikuwa zimeshika zenyewe, na sikuwa nimekanyaga chochote.

Sababu zake ni za kueleweka, na kila mwenye nia ya kubadilisha breki azijue kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, dramu ina msaada wake wa siri. Inapozunguka huivuta shuu na kuikaza zaidi, kwa hiyo gurudumu lenyewe linamsaidia dereva kufunga breki. Diski haina msaada huo. Pedi zinaibana kutoka pande mbili kama vidole vinavyobana sahani, na nguvu yote lazima itoke kwenye pedeli. Ndiyo maana inahitaji busta, ule mtungi unaotumia mvuto wa hewa ya injini kuuongezea nguvu mguu wa dereva. Gari letu halikuwa nao.

Pili, masta silinda nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya dramu zina valvu ndogo inayobakiza presha kidogo kwenye mabomba hata baada ya kuachia pedeli. Kwenye dramu presha hiyo inafaa, kwa sababu springi za shuu zinaishinda. Kwenye diski hakuna springi ya kurudisha pedi namna hiyo, basi zinabaki zimebana, diski inapata moto bure, na unarudi pale pale ulipokimbia.

Tatu, nyuma tumebakisha dramu, na lazima mbele na nyuma zipatane. Gari likifunga breki uzito hulalia mbele, nyuma hubaki nyepesi, hasa pikapu isiyo na mzigo. Magurudumu ya nyuma yakikamata kabla ya ya mbele, mkia unataka kutangulia kichwa. Kwa hiyo huwekwa valvu ya kupunguza presha ya nyuma, nayo lazima irekebishwe kwa majaribio, gari likiwa tupu na likiwa na mzigo.

Nne, na hili ningelitaka hata kwa asiyeweka diski: gari la baba lilikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Hozi moja ikipasuka, hakuna breki hata moja inayobaki. Masta silinda yenye vyumba viwili hutenganisha mbele na nyuma. Upande mmoja ukifa, mwingine unabaki kukusimamisha, japo kwa shida.

Mara ya pili nilimpata fundi mzee aliyekuwa tayari kunieleza kabla ya kushika spana. Alidai masta ya vyumba viwili, busta, valvu ya nyuma, mabomba mapya na hozi mpya, na mafuta mapya ya daraja la DOT 4. Alizungusha kila gurudumu kwa mkono, usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kulia na kushoto, kuhakikisha kalipa haigusi rimu na hozi haivutwi wala haisuguliwi. Alitoa upepo mara mbili, leo na kesho yake. Kisha tukaenda kwenye kiwanja cha mpira, tukalijaribu likiwa tupu, tukalipakia mawe, tukalijaribu tena. Ilichukua siku tisa na iligharimu karibu mara tatu ya ile kazi ya kwanza. Asiye na fedha hizo, namshauri aache dramu zake, azirekebishe vizuri, abadilishe mafuta, na ateremke kwa gia namba mbili. Dramu nzima ni bora kuliko diski nusu. Lakini mwenye fedha za kulipaka gari rangi mpya na kuweka viti vya ngozi, huku akisema diski ni ghali, huyo sina neno la upole la kumwambia.

Sitadai kwamba gari la baba limekuwa kama gari jipya. Bado ni zito, bado lina springi za majani, na mwisho wa yote anayelisimamisha ni tairi juu ya lami. Lami ikiwa na utelezi, hakuna diski itakayokuokoa na ujinga. Ninachoweza kusema ni hiki: tangu mwaka 2020 nimeteremka ile barabara mara nyingi na mizigo ya kila aina, na pedeli inafika Mombo ikiwa pale pale ilipokuwa Lushoto. Diski ikipata moto huongezeka unene kuelekea kwenye pedi badala ya kuzikimbia, na upepo wa njiani unaipoza waziwazi. Nikivuka maji, hujikausha baada ya kukanyaga mara moja au mbili, wala gari halinivuti upande mmoja kama zamani.

Kaka hajakubali kwa mdomo. Lakini mwaka jana alipokuwa na safari ya kumpeleka mjukuu wake hospitali, alikuja kuomba ufunguo, na sikumwona akitafuta gari lingine.

Neno langu la mwisho ni kwake, na kwa wote wanaofikiri kama yeye. Kaka, kazi ile ilifungwa kwa boliti. Hatukukata chesisi, hatukuchomelea ekseli, hatukutoboa kitu kisichozibika. Dramu za baba, shuu zake na masta yake ya zamani, vyote nimevipaka grisi, nimevifunga kwenye magunia, viko stoo. Siku ukitaka kulipeleka gari kwenye maonyesho likiwa kama la 1974, tutavirudisha kwa siku chache, tutalipakia juu ya lori, tutalipeleka. Uasilia wa gari unaweza kurudishwa. Yule mama wa Soni tungemrudisha na nini?